Kachumbari ya wiki nzima mbali na soko: Familia ya Gotu inunue nini, ihifadhi vipi na ianze kula kipi?

NYANYA inayoliwa Gotu, Kaunti ya Isiolo, ni msafiri. Aghalabu huchumwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru, ikashushwa katika soko la mji wa Isiolo, ikapakiwa upya kwenye gari linaloelekea upande wa Merti, na hatimaye kufika karibu na Mto Ewaso Ng'iro baada ya kutikiswa kwenye barabara ya vumbi. Nyumba nyingi zinazoipokea hazina jokofu. Maji ya kuioshea hubebwa kwa mitungi, na kuni za kuipikia hutafutwa mbali zaidi kila mwaka.

Kwa sababu hizo, mama wa huko anapofikiria kuwaandalia wanawe saladi, maelekezo yanayochapishwa kwa ajili ya wakazi wa mijini hayamfai sana. Mkazi wa Nairobi hupita kwa mama mboga kila jioni akirudi nyumbani, akachukua nyanya tatu na kitunguu kimoja. Wa Gotu hununua kwa siku kadhaa, pengine kwa wiki, kulingana na gari na fedha. Kwake, saladi huanzia kwenye ununuzi: ni lazima ajue kila kitu kilichomo kikapuni kitadumu siku ngapi, kisha apange mlo kwa kufuata hesabu hiyo. Akiipatia, atakula mboga mbichi siku zote saba bila kutupa hata moja, na bila kuwasha moto kwa ajili yake. Akiikosea, nusu ya fedha zake itaishia jalalani kufikia siku ya nne.

Kuna watakaouliza ikiwa jambo hili lina uzito wowote katika eneo la wafugaji. Lina uzito mkubwa. Jamii za Waborana na Waturkana wanaoishi Gotu kwa muda mrefu zimepata vitamini zao kutoka kwenye maziwa na matunda ya mwituni, yakiwemo makoma yanayoangushwa na mikoma ya kando ya mto. Maziwa ya ngamia, hasa, yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, na Isiolo inajulikana kote nchini kwa biashara ya maziwa hayo yanayosafirishwa hadi Nairobi. Lakini ukame unapozidi, mifugo huhamishwa mbali kutafuta malisho, na maziwa huondoka pamoja nayo. Wanaobaki manyattani ni akina mama, wazee na watoto wadogo, na chakula chao huwa ugali, wali, tambi na chai ya sukari. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 katika kaunti kame za Kenya. Familia nyingi zilizopoteza mifugo wakati huo zilipoteza pia chanzo chao cha vitamini, ingawa hasara hiyo haikuhesabiwa popote.

Tumbo lililojaa ugali halitambui upungufu huo haraka. Dalili huja polepole: fizi kutoka damu, vidonda kuchelewa kupona, mtoto kukosa damu ya kutosha, uwezo wa kuona wakati wa magharibi kufifia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi havihesabiwi humo. Kwa familia ya watu sita, kiasi hicho ni zaidi ya kilo mbili kila siku, mzigo ambao wengi Gotu hawawezi kuumudu. Hata hivyo, nusu yake ikiliwa kila siku ina faida kubwa kuliko kiasi kizima kinacholiwa mara moja kwa mwezi.

Chukua vitamini C peke yake. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 45 kwa siku. Mtoto huhitaji pungufu kidogo, na mama anayenyonyesha huhitaji kama 70. Gramu 100 za kabichi mbichi zina takriban miligramu 35. Nyanya ina kama 14 kwa gramu 100, na maji ya limau moja la wastani yana 15 hivi. Kwa hivyo nusu kilo ya kabichi, nyanya nne au tano na malimau mawili, vikichanganywa katika bakuli moja, vinakaribia kutosheleza mahitaji ya watu sita kwa siku nzima. Kabichi hiyo hiyo ikichemshwa hadi ilegee, kisha maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea. Hapo ndipo kachumbari inapoishinda sufuria, nayo haidai kuni.

Sasa tuje kwenye kikapu. Kwa familia ya watu sita itakayonunua mara moja kwa wiki, kianzio kizuri ni kabichi mbili kubwa, kilo tatu za nyanya, kilo mbili za vitunguu, kilo mbili za karoti, malimau kumi, pilipili hoho chache, maparachichi sita na fungu moja la dania. Fedha zikipungua, punguza kwanza hoho, kisha maparachichi. Kabichi, karoti na malimau visiguswe, kwa kuwa ndivyo vitakavyobaki vingine vikiisha.

Kabichi ichaguliwe kwa mkono kuliko kwa macho. Iinue: iliyo nzito na iliyofumbata hudumu kuliko kubwa yenye nafasi ndani. Usikubali muuzaji aichambue majani ya nje ili ipendeze, maana majani hayo ndiyo koti lake. Ukifika nyumbani, usiikate katikati. Bandua majani ya siku hiyo kutoka nje kuelekea ndani, ukiiacha nyingine ikiwa nzima. Iliyopasuliwa kwa kisu hunyauka na kuwa nyeusi penye mkato ndani ya siku mbili, ilhali iliyobanduliwa hufika wiki ya pili.

Nyanya zinunuliwe za umri mbalimbali: kilo moja iliyoiva, moja inayoanza kuwa nyekundu, na moja ambayo bado ina ukijani. Mwenye kununua zote zikiwa nyekundu na laini anajinunulia supu. Zikifika, zitoeni mfukoni mara moja, zipangwe kivulini bila kulaliana, upande wa kikonyo ukiangalia chini, na iliyopasuka njiani iliwe jioni ile ile. Karoti zikatwe majani yake, kwani majani huendelea kuinyonya maji hata baada ya kung'olewa. Kitunguu kizuri kina shingo iliyokauka kabisa. Kiwekwe mahali penye hewa, mbali na viazi. Limau bora lina ganda jembamba na huhisika zito mkononi. Yasipopatikana, ukwaju uliolowekwa na kuchujwa utaleta ukali unaotakiwa, ingawa hautaleta vitamini C ya limau.

Kuhusu majani mabichi kama dania, mafunzo yako karibu kuliko watu wanavyodhani. Wafanyabiashara wa miraa kutoka Nyambene wameyajua kwa vizazi. Mzigo wao hufungwa kwa majani ya mgomba ili unyevu usitoroke, nao hufika Isiolo na kwingineko ukiwa bado na ubichi wake. Dania iliyonunuliwa ikiwa na mizizi, ikafungwa vivyo hivyo kwa jani la mgomba au kitambaa kilicholoweshwa kwa maji safi, itavumilia siku mbili au tatu. Ikitupwa kwenye mfuko wa plastiki juani itaoza kabla ya magharibi. (Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, lakini kila mmoja anajua kwamba bado huonekana.)

Hali ya hewa ya Gotu, ambayo kwa mengi ni adui wa mboga, ina jambo moja inalosaidia. Hewa kavu hukausha maji haraka, na maji yanapokauka huondoka na joto. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliutumia ukweli huo kutengeneza jokofu la vyungu viwili: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa kati yake, na kitambaa kibichi juu. Ubunifu huo ulimpatia Tuzo ya Rolex mwaka wa 2000. Katika majaribio yake, biringanya ambazo kwa kawaida ziliharibika baada ya siku tatu zilikaa siku 27. Pwani yenye unyevunyevu chombo hicho hakifanyi kazi vizuri, lakini Isiolo, kama kaskazini mwa Nigeria, ndiko mahali pake. Mchanga huloweshwa asubuhi na jioni, na maji ya kazi hiyo si lazima yawe ya kunywa. Yaliyoogea mtoto yanatosha, mradi yasiguse mboga. Chombo kiwekwe kivulini panapopita upepo. Kisichofungiwa ndani ya sanduku ndicho kinachopoa.

Maji, basi. Hapa hapana budi kusimama kwa muda, kwa sababu mboga mbichi iliyooshwa kwa maji machafu ni hatari kuliko kukosa mboga. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 na kuendelea mwaka wa 2023 ulienea katika kaunti nyingi, zikiwemo kaunti kame ambako maji ni haba. Mto Ewaso Ng'iro hunywewa na binadamu, mifugo na ndovu kwa pamoja, na mvua zinaponyesha huwa mwekundu kwa udongo. Dawa ya klorini haifanyi kazi ipasavyo katika maji yenye tope. Maji yatulizwe kwanza hadi tope lishuke, yamiminwe taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo dawa itiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa kwa nusu saa. Asiye na dawa ayachemshe hadi yatokote, ayaache yapoe yakiwa yamefunikwa.

Kiasi cha maji kinaweza kupunguzwa bila kupunguza usafi. Futa udongo wa karoti na viazi kwa kitambaa kikavu kabla ya maji kuyagusa. Osha kwanza visivyo na tope, yaani nyanya na limau, kisha vyenye tope zaidi, katika beseni moja, na usuuze kila kimoja kwa maji machache yaliyotibiwa. Kabichi haihitaji kuoshwa nzima. Yaoshwe majani yaliyobanduliwa pekee, jani kwa jani, pande zote mbili. Kisu, ubao na mikono vioshwe pia kwa sabuni, na ubao uliokatiwa nyama mbichi usiguse kachumbari kabla haujasuguliwa. Wengi huamini kwamba limau na chumvi huua vijidudu vyote. Imani hiyo haina msingi wa kutegemewa: limau huongeza ladha na vitamini, haliyatakasi maji.

Yapo pia mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyarekebisha jikoni, na ni haki yatajwe. Baadhi ya mito inayomwagilia mashamba ya mboga ya Timau na sehemu nyingine za miteremko ya Mlima Kenya ni mito ile ile inayojaza Ewaso Ng'iro. Maji yanapochotwa kwa wingi huko juu wakati wa kiangazi, mto hupungua, na kuna miaka ambapo ulikauka kabisa kufikia Archer's Post, kabla ya kufika Gotu. Kwa hivyo mkazi wa Gotu hununua kwa fedha, ndani ya nyanya, maji ambayo pengine yangepita karibu na mlango wake bure. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika na maji safi na salama. Suala la nani achote kiasi gani limejadiliwa katika mikutano mingi kuliko idadi ya mifereji iliyowahi kufungwa.

Tukirudi jikoni, mpangilio wa wiki ni kama ifuatavyo. Siku mbili za kwanza ni za vitu laini: nyanya zilizoiva, dania, hoho, na parachichi lolote linalobonyea kidogo karibu na kikonyo. Kata vitunguu vyembamba, uvisugue kwa chumvi kidogo, uvisuuze kwa maji yaliyotibiwa ili ukali upungue; watoto wengi hukataa kachumbari kwa sababu ya kitunguu peke yake. Ongeza nyanya, hoho na dania, kamulia limau, kisha weka parachichi mwisho ili lisipondeke. Mafuta yaliyomo katika parachichi yana kazi nyingine: husaidia mwili kupokea vitamini A ya karoti. Siku zisizo na parachichi, kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kinatosha.

Katikati ya wiki, nyanya zilizokuwa na ukijani zimeiva. Huu ndio wakati wa nyanya na karoti zilizoparuzwa, pamoja na ndengu zilizochemshwa na kupozwa. Ndengu ni hodari kwa madini ya chuma, lakini chuma cha nafaka na kunde hupokewa na mwili kwa shida, isipokuwa kinapoliwa pamoja na vitamini C. Limau lililokamuliwa juu ya ndengu lina maana hiyo, mbali na utamu wake. Na hapa kuna desturi moja inayohitaji kusogezwa kidogo. Chai, hasa ya rangi kali, ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma hicho kupokewa. Sitarajii mtu yeyote wa Isiolo aache chai kwa sababu ya makala ya gazeti; inatosha isubiri saa moja baada ya mlo.

Mwishoni mwa wiki imebaki kabichi, karoti, vitunguu na malimau. Kabichi ikatwe nyembamba kama nyuzi, itiwe chumvi kidogo na kuminywa kwa mkono safi hadi ilegee na kutoa maji yake. Paruza karoti juu yake, kamulia malimau mawili, weka kijiko cha mafuta na sukari ncha ya kijiko ikiwa malimau ni makali. Saladi hii ndiyo inayofaana zaidi na nyama, na kwa wenye nyirinyiri iliyohifadhiwa kwa mafuta, ukali wa limau hukata ule uzito wa mafuta mdomoni. Mayonezi haihitajiki. Mijini imezoeleka kwenye saladi ya kabichi, lakini chupa ikishafunguliwa hudai jokofu, na katika joto la Gotu haifai kuachwa mezani.

Saladi yoyote ikatwe karibu na wakati wa kula. Vitamini C huanza kupungua mara kisu kinapopita, na mboga iliyokatwa hukaribisha vijidudu. Yenye ndengu, maharagwe au nyama isikae zaidi ya saa mbili kabla ya kuliwa. Watoto wachanga wasipewe chochote isipokuwa maziwa ya mama hadi watimize miezi sita. Baada ya hapo, parachichi lililopondwa ni mwanzo mzuri. Karoti mbichi ziparuzwe laini kwa watoto wadogo, kwa sababu kipande kigumu kinaweza kumkaba.

Baadhi ya gharama zinaweza kushushwa kwa kushirikiana. Nyanya zinazouzwa kwa mafungu rejareja huwa ghali kuliko za kreti. Familia tano au sita zikichangia fedha, zikaagiza kreti moja na gunia la kabichi kwa simu kutoka Isiolo na kulipa kwa M-Pesa, hugawana bei ya jumla na nauli ya mzigo. Vyama vya akina mama tayari vipo kwa ajili ya kuchangiana harusi na karo. Kuongeza kabichi katika ratiba yao hakuhitaji usajili mpya. Waliokubaliana waafikiane pia mapema kuhusu zitakazopondeka njiani, zigawanywe sawa, kwani hapo ndipo ugomvi huanzia.

Na mvua za Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba zinapokaribia, orodha ibadilike kabla barabara haijaharibika. Mto ukifurika na magari yakakwama, hakuna simu itakayoleta nyanya. Wiki hiyo, nunua kabichi tatu badala ya mbili, vitunguu maradufu, malimau ishirini yenye ganda zima, na nyanya zenye ukijani pekee. Majani ya nje ya kabichi yaliyonyauka, maganda ya karoti na mizizi ya dania wapewe mbuzi waliobaki nyumbani.